Mwenye nyumba hataki kushusha bei: tumsaidieje? Uzoefu wa udalali Kigoma mjini

DALALI WA MWANGA (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Nafanya udalali wa nyumba na viwanja hapa Kigoma mjini, zaidi Mwanga, Gungu, Katubuka na upande wa Ujiji. Kila siku nasoma nyuzi za wanunuzi wanaolalamika kuwa nyumba za Kigoma zina bei za Dar, na nyuzi za wauzaji wanaolalamika kuwa wateja wanawalalia. Kilichopo katikati hakizungumzwi. Nyumba imetangazwa, watu wanakuja wanaangalia, wanashukuru, wanaondoka. Miezi inapita. Mwenye nyumba ana shida ya kweli na pesa, lakini neno "tupunguze" hataki kulisikia.

Nataka tulijadili hilo kwa kina, maana naona wauzaji wengi wanaumia bila sababu na sisi madalali tunachangia.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Hakuna mwenye nyumba anayeshusha bei kwa sababu dalali amemshinda maneno. Anashusha akimwamini anayemletea habari, na akiziona habari zenyewe kwa macho yake. Asipomwamini mleta habari, habari hata ziwe za kweli kiasi gani hazimfiki.

Tuanze na namba inakotoka. Nikikabidhiwa nyumba huwa sisemi chochote kuhusu bei siku ya kwanza. Nauliza tu, "Mzee wangu, hii milioni 85 tumeipataje?" Halafu nanyamaza mpaka amalize.

Kuna mzee mstaafu wa reli, Mwanga Kusini, alinijibu kwa kuingia ndani na kutoka na mfuko wa rambo uliojaa risiti. Akazimwaga mezani. Saruji, nondo, mabati, mbao, fundi wa msingi, fundi wa lenta, fundi wa kupaua. Nyingine zimefifia wino mpaka husomi kitu, lakini yeye anajua kila moja. "Hii ni ya mwaka ule saruji ilikosekana Kigoma, ikaja na behewa." Alikuwa amezijumlisha zote, akaweka kiwanja kwa bei ya leo, akaongeza kidogo kwa ajili ya usumbufu wa miaka yote hiyo. Ndipo ikaja milioni 85.

Sasa mtu wa namna hii ukimwambia "mzee, soko halijali risiti zako," umesema kweli na umeharibu kazi. Umemwambia maisha yake hayana thamani. Mimi nilizisoma zile risiti naye, moja moja. Nilimwuliza maswali. Jioni ile hatukugusa bei kabisa.

Wengine namba yao inatoka kwa jirani: "Ile ya pale kona imeuzwa 90." Ukifuatilia unakuta 90 ndiyo iliyotangazwa. Iliyolipwa wanaijua aliyeuza, aliyenunua na mashahidi waliosaini. Mtaani inayotembea ni bei ya tangazo, na mtaa mzima unapanga bei zake kwa namba ambayo haijawahi kulipwa na mtu.

Wengine inatoka kwenye mahitaji. Anataka 60 kwa sababu anajenga Dodoma, au kuna mgonjwa wa kusafirishwa, au kijana amepata chuo. Huyu nampa pole kwanza, kisha tunatenganisha mambo mawili: unachohitaji, na nyumba inachoweza kuleta. Ikipelea tunatafuta pa kujazia pengo. Mnunuzi hawezi kuongeza milioni 10 kwa sababu wewe unajenga Dodoma.

Na siku hizi kuna bei za matumaini. Umeme wa gridi ulipofika Kigoma mwaka 2022 tukaachana na majenereta, bei zikapanda midomoni. Mkataba wa reli ya kisasa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ukasainiwa Desemba 2022, zikapanda tena. Sipingi kuwa mambo haya yataongeza thamani ya mji, na naombea reli ifike. Ila anayenunua leo analipa kwa pesa ya leo. Anayetaka bei ya reli asubiri reli, na awe na uwezo wa kusubiri.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Kila mteja anayekuja kukagua namwandika kwenye daftari mbele ya mwenye nyumba: tarehe, ametoka upande gani, ametaja bei gani, amesema nini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wateja hawasemi uongo wakiwa wanakagua. Utamwona anabonyeza ukuta chini ya dirisha kwa kidole gumba kuangalia plasta kama inamomonyoka. Anafungua bomba. Anainua macho kutafuta alama ya maji kwenye dari. Anauliza choo cha nje kilichimbwa lini. Yale yote naandika. Baada ya muda namwekea mwenye nyumba daftari mezani asome mwenyewe. Akiona watu wengi wamekuja na wote waliofika kutaja bei wametaja kati ya 65 na 72, na hakuna hata mmoja aliyegusa 80, hapo simwambii kitu. Anafunga daftari, ananiuliza mimi: "Sasa unaonaje?"

Jambo la pili, namtoa nyumbani kwake. Tunakwenda kuona nyumba nyingine zinazouzwa kwa bei anayoitaka yeye. Anaingia kama mnunuzi. Yule mzee wa reli tulikwenda Gungu, nyumba ya milioni 80, vyumba vinne, choo ndani, vigae, hati mkononi, gari inafika mlangoni. Tulivyotoka alikaa kimya kwenye bajaji mpaka tunafika Mwanga.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni cha juu. Madalali wenzangu mtanisamehe. Mwenye nyumba anasema 70, dalali anatangaza 80 ili 10 iwe yake. Nyumba haiuzwi. Dalali anarudi kwa mwenye nyumba: "Mzee, shusha bei." Ashushe ipi? Yake haijawahi kufika sokoni! Siku akigundua, na huwa wanagundua kwa sababu mji wetu ni mdogo na mteja mmojawapo atakuwa anamjua mwanawe, hatamwamini dalali yeyote tena. Kabla hujamwomba mtu apunguze mali yake, hakikisha bei unayotangaza ndiyo bei yake. Udalali wangu naandikiana naye asilimia, kwenye karatasi, na mteja wa mwisho wanakutana uso kwa uso.

Karibuni tuchangie.

MKAZA BEI

Mkuu nimekusoma vizuri ila niseme ukweli wangu. Nyie madalali mnataka nyumba itoke haraka mpate chenu muende kwa mwingine. Mimi niliambiwa na dalali nishushe kutoka 55 mpaka 45, tena kwa msisitizo, "mteja yupo na pesa taslimu leo leo." Nilikaza. Baadaye nikapata 53. Ningemsikiliza ningetupa milioni 8. Kwa hiyo wauzaji wanaosoma hapa wasitishike.

DALALI WA MWANGA

Ndugu yangu, ulifanya vizuri, na hoja yako naiunga mkono kwa hesabu. Tuseme dalali anapata asilimia 5. Wewe ukishuka milioni 10, yeye anapoteza laki 5 tu, wewe unabaki na pengo la milioni 9 na nusu. Ndiyo maana dalali anaona rahisi sana kusema "shusha." Kila muuzaji alijue hilo na asione vibaya kumuuliza dalali: nionyeshe daftari, waliokuja ni akina nani, wametaja ngapi.

Na kuna wakati mimi mwenyewe nasema tusiguse bei. Nyumba imetangazwa juzi tu. Au hakuna aliyekuja kabisa, hapo tatizo linaweza kuwa tangazo: picha zimepigwa usiku, namba ya simu haipatikani, hakuna kilichosemwa kuhusu maji wala barabara. Au wateja wanataja bei iliyo karibu kabisa na yako na wanaendelea kurudi, huyo anahitaji maongezi, bei iko sawa. Au kipindi chenyewe kibaya. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, pesa ya mwaloni, yaani soko la samaki la ufukweni, ilikuwa ngumu na wafanyabiashara wa dagaa ambao huwa wananunua nyumba Kibirizi na Kitongoni walishika walichonacho. Nyumba isiyouzwa miezi ile haikuwa na kosa la bei.

Ya kushusha ni ile ambayo watu wanakuja, wanaipenda, wanataja namba zinazofanana, na hakuna anayefika. Soko limeshajibu. Kilichobaki ni mwenye nyumba kukubali kusikia.

"Mteja yupo na pesa taslimu leo leo" ni maneno ya kumkimbiza mtu. Sijawahi kuona sababu ya kuyatumia kama mteja ni wa kweli. Mlete akae, anywe chai, ataje bei mbele ya mwenye nyumba.

MWALIMU WA IPULI

Nipo Tabora. Mimi nilikuwa upande wa wauzaji, nyumba Ipuli, baada ya kupata uhamisho. Nichangie jambo ambalo mtoa mada hajaligusa, ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko hesabu zote: aibu.

Ukishusha bei mtaani wanasema "ameuza kwa njaa." Mashemeji wanasikia. Wanafunzi wako wa zamani wanasikia. Mimi niliwahi kukataa bei nzuri tu kwa sababu aliyeitaja ni mtu niliyekuwa namjua, na nikawaza atakavyosimulia kijiweni kuwa mwalimu alipokuwa anaondoka alimwachia nyumba kwa bei ya kutupa. Nilikuwa na uhakika hatapatikana mwingine wa bei ile, na bado nikakataa.

Dalali aliyenisaidia alikuwa mama mtu mzima wa Isevya. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, bei yako tutaiacha pale pale ukutani. Kitakachoshuka kitashukia mezani, na mezani tutakuwa watatu." Yaani tangazo halikubadilika hata kidogo. Maneno "maongezi yapo" yakaongezwa. Wateja wakaja, tukakaa ndani, tukakubaliana, na mtaani hakuna aliyejua niliuza shilingi ngapi.

DALALI WA MWANGA

Mwalimu, shikamoo. Umegusa penyewe. Na huyo mama wa Isevya anaijua kazi. Nitaongeza jambo moja: ikiwa bei ya ukutani iko juu mno, wale wenye uwezo wa bei halisi hawaji kabisa kukaa mezani. Mtu mwenye 70 akiona tangazo la 100 hata hapigi simu, anaona atamtukana mwenye nyumba. Kwa hiyo njia ya "maongezi yapo" inafaa pengo likiwa dogo. Likiwa kubwa, naona heri kutoa tangazo kabisa, nyumba ipumzike, warekebishe hata kona mbili tatu zilizolalamikiwa na wateja, kisha irudi kwa bei mpya. Hapo watu wanaiona kama nyumba nyingine na hakuna anayesema imeshuka.

MCHUMI MSTAAFU

Nimevutiwa sana na mjadala huu kwa sababu mnachokiona Kigoma na Tabora kimepimwa kwingine. Boston, Marekani, bei za nyumba zilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wachumi wawili, David Genesove na Christopher Mayer, walichambua mauzo ya nyumba za ghorofani katikati ya mji ule na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Waliwatazama hasa wauzaji ambao soko lilikuwa limeshuka chini ya bei waliyonunulia. Hao walitangaza bei za juu kuliko wenzao wenye nyumba za aina ile ile, nyongeza yake ikiwa asilimia 25 hadi 35 ya tofauti kati ya bei waliyonunulia na bei ambayo soko lingetoa. Na nyumba zao zilichukua muda mrefu zaidi kuuzika.

Maelezo yake yanatoka kwa Daniel Kahneman, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2002, na mwenzake Amos Tversky. Walionyesha kuwa mtu anaumia zaidi kwa kupoteza shilingi elfu kumi kuliko anavyofurahi kuipata. Kwa hiyo mzee wa risiti hana ubishi wala tamaa. Kichwani mwake jumla ya risiti ndiyo sifuri, na chochote chini ya hapo ni kunyang'anywa.

Kwa dalali hii ina maana ya vitendo. Mpeni mtu sifuri nyingine ya kupimia. Akianza kuhesabu kutoka milioni 85, basi 72 ni hasara ya 13. Akianza kuhesabu kutoka alichonacho mkononi leo, ambacho ni nyumba tupu isiyoingiza kitu, hesabu inakaa vingine.

DALALI WA MWANGA

Asante sana mzee wangu, umenipa maneno ya kitu ninachokiona kila siku. Na hiyo hesabu ya kuanzia mkononi huwa naifanya na wenye nyumba, ngoja niiweke hapa ili wengine waitumie kwa namba zao.

Nyumba iko tupu. Ingepangishwa laki 2 na nusu kwa mwezi, kwa mwaka ni milioni 3. Kijana anayelala pale kuilinda analipwa elfu 80 kwa mwezi, kwa mwaka ni laki 9 na 60. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka, hiyo ndogo. Mfumuko wa bei tuuweke asilimia 3, kwenye milioni 72 aliyoikataa ni kama milioni 2 na laki 1 na 60 ya nguvu ya pesa inayopotea. Jumlisha: zaidi ya milioni 6 kwa mwaka mmoja, bado mchwa, bado bati linalovuja, bado nyasi. Akisubiri mwaka akauza 78 anaona ameshinda 6. Amerudi pale pale.

Hesabu hii lazima aandike yeye kwa kalamu yake. Ukimwandikia wewe, ni hesabu ya dalali.

Na ikitoka kuwa kusubiri kunamlipa, kwa mfano kuna mpangaji mzuri ndani na hana haraka, namwambia asiuze. Nimepoteza udalali kwa njia hiyo na wale wale wamenirudia na nyumba nyingine.

MAMBO YA ARDHI

Nafanya kazi zinazohusiana na upimaji na uthamini. Naomba madalali msikimbilie kushusha bei kabla hamjatazama karatasi. Nyumba yenye hati miliki, yenye barua ya toleo tu (ile ya kukupa kiwanja kabla ya hati), na yenye karatasi ya mauziano iliyosainiwa serikali ya mtaa ni bidhaa tatu tofauti hata kama zimejengwa na fundi mmoja. Benki ikitoa mkopo wa kununua nyumba inataka hati. Kwa hiyo nyumba isiyo na hati inabaki na wateja wa pesa taslimu peke yao, na hao Kigoma si wengi na wanajua kuwa ni wachache. Mara nyingi kufuatilia upimaji na hati kunarudisha zaidi ya kile mnachotaka kukipunguza. Kama mwenye nyumba ana muda, aanze huko.

Pia mtafuteni mthamini aliyesajiliwa. Ripoti yake inaweza kuonyesha thamani ya soko, na thamani ya kuuza kwa haraka ambayo huwa chini. Wazee wengi wanaoikataa namba ya dalali wanaikubali ya mthamini, kwa sababu mthamini hanufaiki nyumba ikiuzwa au isipouzwa.

WA KATONGA

Sisi wenye nyumba karibu na maji tufanyeje? Zamani mteja akiona ziwa kutoka barazani anaongeza bei mwenyewe. Sasa kila anayekuja anauliza mita.

MAMBO YA ARDHI

Wanauliza kwa haki ndugu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji ya Tanganyika yalipopanda miaka hii watu wameona kwa macho maji yanafika wapi. Pima umbali wako, uwe na jibu kabla ya mteja. Kama uko nje ya mita 60 na una karatasi, simama na bei yako kwa ujasiri na uonyeshe kipimo. Kama uko ndani, usiuze kwa kuficha. Mnunuzi atakurudia mahakamani na pesa umeshaitumia.

MJUKUU WA UJIJI

Naomba msaada wenu, hasa mtoa mada. Nyumba yetu iko Ujiji, ya marehemu baba. Tuko saba. Wanne tuko hapa Kigoma, mmoja Tabora, mmoja Mwanza, mmoja Dar. Kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi, mahakama imemteua. Tulikubaliana kuuza tugawane. Bei tuliyoweka 50. Amekuja mtu wa 45, ana pesa, ameshakagua mara kadhaa. Sita tumeridhika. Yule wa Dar anasema chini ya 50 hasaini na tukiuza ataweka zuio. Mama yetu mdogo, mjane wa baba, bado anaishi chumba cha mbele. Tumegombana kwenye kundi la WhatsApp la familia mpaka watu wamejitoa.

DALALI WA MWANGA

Pole sana dada, au kaka. Nyumba za urithi Ujiji ndizo ngumu kuliko zote na ndizo nazozipenda kuzishughulikia, kwa sababu zikikwama zinavunja undugu.

Kabla ya bei nianze na mama. Haki yake katika mirathi ya mumewe imeshaelezwa wazi? Anajua ataishi wapi siku mnunuzi anachukua funguo? Nimeona familia zinabishania milioni 5 kwa miezi, kumbe aliyeshikilia ni mtu anayemhurumia mama na hajui aseme vipi, basi anashika bei. Mpigieni ndugu wa Dar mumwulize hilo kwanza, bila kutaja namba.

Pili, muonyesheni hesabu kwa fungu lake. Milioni 5 inasikika kubwa. Mkigawana sawa watu saba ni kama laki 7 na elfu 14 kwa mtu, na kwa mgawanyo wa dini au mila mtakaoufuata kila mmoja atajua fungu lake linapungua kiasi gani. Amekataa kupokea zaidi ya milioni 6 leo kwa sababu ya laki 7. Akiiona hivyo anaweza kubadilika, na akisema bado hapana, basi tujue tatizo si pesa.

Tatu, yeye yuko Dar. Hajamwona mteja hata mmoja. Anasikia habari zote kutoka kwa ndugu ambao wana haraka. Kama mimi ningekuwa yeye na mimi nisingeamini. Mpigieni simu siku mnunuzi amekuja, mnunuzi aongee naye moja kwa moja, aeleze kwa nini amefika 45 na hawezi zaidi. Kama kuna ndugu mwingine wa kuaminika aliyeko huko Dar, mzee wa ukoo, apewe jukumu la kukaa naye. Ugomvi wa WhatsApp hausuluhishwi WhatsApp.

Msimamizi wa mirathi ana mamlaka ya kisheria, lakini namshauri kaka yenu asiyatumie kumzidi ndugu yake nguvu. Mnunuzi naye akisikia neno zuio anaondoka, na 45 yenyewe haitakuwepo.

MJUKUU WA UJIJI

Asante sana. Ni dada. Suala la mama mdogo umelisema na nimeshtuka, kwa sababu yule wa Dar ndiye aliyelelewa naye. Nitampigia leo usiku. Swali lingine: tukikubali 45, kodi inakuwaje? Kaka wa Dar anasema TRA watachukua asilimia 10 ya yote, kwa hiyo tutabaki na kidogo.

MAMBO YA ARDHI

Si asilimia 10 ya yote. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama zilizotumika zenye ushahidi. Tangu sheria ya fedha ya 2023, mkazi asiye na kumbukumbu za gharama anatozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kuna pia msamaha kwa makazi binafsi: mtu awe amemiliki na kuishi kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, na faida isizidi milioni 15. Nyumba yenu ni ya mirathi, kwa hiyo msimamizi aende ofisi ya TRA Kigoma na karatasi zote wamwambie linalomhusu ni lipi. Kuna na ushuru wa stempu asilimia 1. Kubalianeni na mnunuzi mapema nani analipa nini, na iandikwe. Msiandike bei ya uongo kwenye mkataba ili kukwepa, mtajifunga wenyewe.

DALALI WA MWANGA

Na hapo ndipo risiti za yule mzee wangu wa reli zilipopata kazi. Bei hazikuipandisha, lakini TRA zilimsaidia, zile zilizosomeka. Alifurahi sana aliposikia hilo. Nadhani lilimsaidia kushuka kuliko maneno yangu yote, kwa sababu aliona jasho lake limehesabiwa mahali fulani. Mkewe alikuwepo siku zote tulipokaa, na kwa wote wanaosoma: kwa nyumba ya ndoa ridhaa ya mwenza ni ya lazima kisheria, kwa hiyo mazungumzo ya kushusha bei yafanyike mkiwa wote wawili. Ukimshawishi mume peke yake, usiku mke ataipandisha tena, na ana haki.

Dada wa Ujiji, mwombe mnunuzi wenu muda kwa maandishi, hata wiki mbili, na kaka yako asipokee kianzio chochote kabla wote saba hamjakubaliana. Kama ndugu wa Dar atataka kusikia bei za nyumba zilizouzwa kweli upande wa Kitongoni na Rusimbi, niandikie ujumbe wa ndani unipe muda wa kumpigia. Nitamsomea kutoka kwenye daftari bila majina ya watu, na sitaki udalali kwenye hiyo.

MJUKUU WA UJIJI

Nimekuandikia.